Ruaha na familia: mlale ndani ya hifadhi au nje Tungamalenga? Mwongozo kamili

Kamwene wadau. Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita simu zinaanza, watu wa Iringa, Mafinga, Makambako mpaka Mbeya wanataka kupeleka watoto Ruaha, na swali la kwanza karibu wote ni lile lile, chumba bei gani. Mimi nasema bei ya chumba ndio kitu cha mwisho kuuliza. Unaweza ukapata chumba cha bei chee nje ya hifadhi halafu hela yote ikaishia kwenye mafuta na viingilio vya mara mbili, na unaweza ukalipia kulala ndani halafu ukafika getini pameshafungwa, ile hela ya usiku imekwenda na maji. Kinachoamua ni masaa. Unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, na kwenye hayo masaa ni mangapi yanaangukia alfajiri na jioni, maana mchana wa jua kali simba kalala chini ya mti na wewe unazunguka na joto tu.

Haya ni kwa mtu wa kawaida mwenye familia, au marafiki waliojichanga wakapata gari. Mtu wa kushushwa na kindege pale Msembe huyo kila kitu ameshapangiwa, hana haja ya kusoma.

Hatua ya 1: Jua "ndani" ni wapi na "nje" ni wapi

Ruaha imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964, na pori la akiba la Usangu lilipounganishwa nayo mwaka 2008 ikafika kama kilometa za mraba 20,226, ikawa ndiyo kubwa kuliko zote nchini mpaka ilipotangazwa hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Nayasema haya kwa sababu moja tu, ukisikia "tunalala ndani" usidhani ni sehemu moja. Makao makuu yako Msembe, kama kilometa 130 kutoka Iringa mjini, pembeni ya mto Ruaha Mkuu, hapo ndipo penye mabanda (vijumba vya wageni) na kempsaiti za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Halafu kuna loji na kambi za watu binafsi zimetawanyika, nyingine ziko kando ya mto sio mbali na hapo, nyingine pembeni ya mito ya mchanga ya Mwagusi na Mdonya, na nyingine ziko mbali kabisa kule upande wa Jongomero ambako kutoka Msembe ni safari nyingine ndefu ya vumbi. Kwahiyo mtu akikwambia nina nafasi ndani, swali lako ni ndani upande gani na kutoka getini ni muda gani kwa gari.

Nje maana yake hasa ni Tungamalenga, kijiji kilichoko kwenye ile barabara ya kwenda getini, ukishapita Idodi. Pale kuna kambi, loji za wastani, kempsaiti na gesti za kawaida za kijijini, na zipo loji nyingine kati ya kijiji na geti, zingine juu ya kilima unaona bonde lote. Kutoka kijijini mpaka getini weka nusu saa mpaka dakika arobaini kutegemea barabara ilivyo na gari uliyonayo. Kuna watu wanadhani "nje" ni kulala Iringa mjini halafu wanaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Inawezekana, watu wanafanya, ila ni masaa kama sita ya barabara kwa siku moja na watoto nyuma, mimi siwezi kumshauri mtu.

Msichanganye pia na Mikumi. Mikumi barabara kuu ya lami inapita katikati ya hifadhi na mji uko pale pale, kwahiyo kulala nje hakukupunguzii kitu na hakuna cha kuumiza kichwa. Ruaha iko pembeni, barabara inaishia huko, ndio maana uamuzi huu una uzito.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya masaa 24

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela bila kujua. Kwa anayelala ndani, kibali cha kuingia kinahesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia, hakihesabiwi kwa tarehe. Na geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, linafungwa saa kumi na mbili jioni, na usiku hakuna kuzunguka na gari lako bila kibali maalumu.

Sasa angalia. Mnaolala ndani mnafika getini tuseme saa nane mchana siku ya Ijumaa. Mnaingia, mnaweka mizigo, saa kumi jua likipungua mnatoka na gari mpaka giza likikaribia. Mnalala. Jumamosi saa kumi na mbili kasoro mnaamka, chai ya haraka, kumi na mbili mko barabarani na mko tayari katikati ya hifadhi, mnazunguka mpaka saa nne au tano, mnarudi kula na kufunga mizigo, na kabla ya saa nane mnakuwa mmetoka getini. Kiingilio kimoja kwa kila kichwa, jioni moja nzima na asubuhi moja nzima. Hayo ndiyo masaa ya dhahabu yote mawili.

Mnaolala nje kwa kiingilio hicho hicho kimoja mnaingia saa kumi na mbili asubuhi kama mmeamka mapema kweli kweli, mnakaa mchana wote ndani, mnatoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa masaa mnaonekana mmekaa muda mrefu, lakini asubuhi ile ya kwanza kabisa mnaitumia getini kwenye makaratasi, na jioni inabidi mgeuze mapema kwa sababu mna safari ya kurudi getini na hifadhini mwendo mwisho ni kilometa 50 kwa saa, huwezi kukimbiza gari eti geti linafungwa. Mkitaka asubuhi ya pili, ni kiingilio cha pili. Gari nalo linalipiwa upya.

Kwahiyo kabla hujalinganisha bei ya kitanda, chukua karatasi uandike: vichwa vingapi vya watu wazima, watoto wangapi wa miaka 5 mpaka 15 (hao wana bei yao ya chini), walio chini ya miaka 5 hawalipi, gari, dereva kama ni wa kukodi maana naye ni kichwa, halafu zidisha kwa idadi ya saa 24 mtakazotumia. Ongeza VAT ya asilimia 18 kama tarifa unayosoma imeandikwa bila VAT, hapo wengi wanashtukia getini. Ukimaliza ndio uweke bei ya kulala juu yake. Mara nyingi nikiwapigia watu hesabu hii wanakuta ule unafuu wa nje umebaki mdogo kuliko walivyodhani, hasa familia ya watu wengi inayotaka siku mbili za kuangalia wanyama.

Ila kama lengo lenu ni siku moja tu ya kuzunguka, nje inashinda, hakuna ubishi. Na kama mnalala nje halafu mnapanga kutoka mchana mkale Tungamalenga mrudi tena jioni, uliza getini kabla hujatoka kama kibali chako kinaruhusu kuingia mara ya pili. Usitoke kwanza ndio uulize.

Hatua ya 3: Unatokea wapi na una usafiri gani

Watu wa Iringa wana raha, wakitoka saa mbili asubuhi mchana wako getini bila presha. Barabara ya Msembe ni ile ambayo lami yake imekuwa ikizungumzwa miaka na miaka, kwahiyo jipange kwa vumbi na makorogesho, ikiwa nzuri shukuru. Watu wa Mbeya hesabu yenu ni nyingine kabisa. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilometa 300, na mnajua wenyewe ile barabara ya TANZAM ilivyo, foleni ya malori Uyole, vibao vya 50 kila kijiji kuanzia Igawa mpaka Makambako na trafiki wamekaa kivulini wanasubiri. Ukitoka Mbeya alfajiri unaingia Iringa mchana, mnakula, mnajaza mafuta, mnaanza tena masaa matatu ya vumbi, mnafika getini jua linazama. Tairi moja likipasuka mmeumia. Kwahiyo kwa mtu wa Mbeya usiku wa kwanza usiweke bukingi ya ndani. Lala Iringa mjini au sukuma mpaka Tungamalenga, halafu ingia hifadhini kesho yake. Hii ni sheria yangu hata kwa madereva wazoefu.

Gari. Kiangazi kwenye barabara kuu za ndani watu wanaingia mpaka na Noah, nimeziona, lakini ukiacha barabara kuu ukakutana na mchanga wa zile korongo unakwama na hakuna pa kushuka kusukuma kwa raha, hujui nani kalala kwenye kichaka. Gari la juu la fowili ndio salama. Kama mnakodi kruza Iringa, uliza mambo manne kabla hujatoa advansi: mafuta ni juu ya nani, siku inaanza kuhesabiwa saa ngapi, dereva analala wapi na kwa hela ya nani, na kiingilio cha gari kimo au hakimo. La dereva linasahaulika sana. Mkilala nje dereva anapata gesti kijijini bei ya kawaida na jioni anakula kwa mama ntilie. Mkilala kwenye loji ya ndani, dereva anatakiwa awe na nafasi yake na bei yake, uliza, usije ukamwambia ndugu wa watu alale kwenye gari.

Na kama hamna gari kabisa? Basi nje ndio jibu. Kuna mabasi ya Iringa kwenda Tungamalenga yanatoka mchana, kurudi yanaondoka alfajiri. Mkishafika pale kambi kadhaa zina magari ya kukodisha kwa kuzunguka hifadhini, mnajikusanya mnagawana gharama. Basi la abiria halikupeleki kwenye wanyama, na ndani ya hifadhi kutembea kwa miguu ni kwa utaratibu maalumu na askari mwenye silaha, kwahiyo kulala Msembe bila gari ni kukaa kwenye kibaraza unaangalia mto.

Jaza tenki Iringa mjini, toa na hela huko huko. Usitegemee kidumu cha kijijini kwa gari ya watu.

Hatua ya 4: Unaenda na nani

Hapa naomba msomaji awe mkweli na familia yake.

Kulala ndani hakuna uzio. Narudia, hakuna uzio. Pale Msembe usiku tembo wanapita katikati ya mabanda kama wapangaji wenzenu. Kwanza mnasikia tawi linavunjika, kraak, mnadhani ni upepo. Halafu kimya. Halafu ule mngurumo wa chini chini wa tembo, unausikia kifuani kabla ya masikioni, na ukichungulia dirishani unaona giza limeziba mahali ambapo dakika tano zilizopita palikuwa na mbalamwezi. Hilo giza ni ubavu. Watu wazima wengi wanasema hiyo ndiyo sehemu bora ya safari nzima. Mtoto wa miaka saba anaweza akaona hivyo hivyo, au akalia mpaka asubuhi. Bibi mwenye presha je? Mtu anayeamka kwenda choo mara tatu usiku je?

Ndio maana swali langu kubwa kwa wanaoenda ndani na wazee au watoto ni choo. Choo kiko humo humo chumbani au kiko nje? Kama ni banda lenye choo ndani, hakuna shida, mnafunga mlango mpaka asubuhi. Kama mnaenda kempsaiti na mahema, choo ni cha pamoja, kiko hatua kadhaa, na usiku hutakiwi kutembea tembea. Watu wanaweka ndoo ndani ya hema na maisha yanaendelea, ila mseme mapema, mama mkwe asikutane na habari ya ndoo saa tano usiku.

Chakula pia kinaleta wageni. Machungwa na maembe ndani ya hema ni kumwita tembo, pua yake haina mpinzani, na hema kwake ni karatasi tu. Matunda yafungiwe ndani ya gari au pale wahudumu watakapokuelekeza. Mchana ni nyani na tumbili, hao wanafungua zipu. Viatu na masufuria usiache nje, fisi anabeba.

Nje Tungamalenga ni maisha ya kijiji. Jioni mnarudi mmejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, barabarani boda zinapita na magunia ya mpunga, vijana wanakaanga chips, mziki unatoka kwenye duka la simu, watoto wenu wanakunywa soda baridi wanacheza na watoto wa pale. Kuna duka la dawa, mtandao unashika, ukisahau dawa ya meno unanunua. Mtoto akipata homa usiku hamsubiri mpaka kuche ili mtoke getini. Kwa familia yenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kudumu mimi nasema nje bila kufikiria mara mbili. Lakini msidhani nje ni mjini, tembo wanakuja mpaka kwenye mashamba ya watu usiku, ukiambiwa usitoke nje ya eneo la kambi baada ya giza, tii.

Jambo moja ni sawa kote, joto na mbu. Sisi wa Iringa, Njombe na Mbeya tumezoea kulala na blanketi mbili, kule chini bondeni mwezi wa kumi unalala na shuka tu na bado unatoka jasho. Chandarua lazima. Na ndani ya hifadhi kuna mbung'o, anauma kupitia nguo, anapenda rangi nyeusi na bluu ya kukolea, kwahiyo zile jezi za bluu mziache nyumbani mvae kaki au rangi ya udongo.

Hatua ya 5: Sasa uliza bei

Kulala kwa Ruaha kuko kwa madaraja ambayo hayafanani hata kidogo. Chini kabisa ni hema lako mwenyewe kwenye kempsaiti, ndani au nje. Halafu gesti za kijijini. Halafu mabanda na hosteli za TANAPA ndani, ambazo kwa raia bei yake ni ya shilingi na kwa maoni yangu ndiyo thamani bora kuliko zote kwa familia ya kawaida, tatizo zinajaa. Halafu loji za wastani za nje. Juu kabisa kambi za kifahari za ndani, hizo ni mamia ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku, ila mara nyingi humo kuna milo yote na kuzunguka na gari lao na muongozaji wao, kwahiyo usilinganishe namba kwa namba na banda la kujipikia.

Ukipiga simu, ongea hivi: "Dada habari za kazi, naulizia nafasi ya watu wazima wawili na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Hiyo bei ni kwa chumba au kwa kichwa? Kuna bei ya raia? Chakula kimo? Na ada ya kulala ndani ya hifadhi mmeshaijumlisha au nalipa pembeni?" Hilo la chumba au kichwa ndilo linaua watu. Mabanda ya TANAPA yanalipiwa kwa kichwa, gesti za kijijini kwa chumba, loji nyingi kwa kichwa. Familia ya watano kwenye gesti inachukua vyumba viwili imemaliza, kwingine ni bei mara tano au mara tatu na nusu kutegemea wanavyohesabu watoto. Ile ada ya kulala ndani nayo kwenye loji za watu binafsi ni mstari wake peke yake, kuna sehemu imo kwenye bei na kuna sehemu haimo.

Bei ya raia inahitaji kitambulisho. NIDA au pasipoti kwa wakubwa, na kwa mtoto mrefu wa miaka 14 anayeonekana ana 18 beba cheti cha kuzaliwa, unaepuka mabishano. Kama kuna shemeji au rafiki wa nje ya Afrika Mashariki yupo kwenye msafara, yeye analipa bei ya wageni na ni mara nyingi ya bei yenu, mwambieni mapema ajipange.

Kuhusu chakula, nje unakula wali maharage au kuku kwa bei ya kawaida. Ndani kwenye mabanda uliza jiko linafanya kazi, nani anapika, na kama kuna mgahawa uko wazi siku hizo. Wengi tunabeba vyetu, mchele, nyanya, vitunguu, mayai ya kuchemsha ya asubuhi, viazi, maji mengi kuliko unavyodhani. Vibebe kwenye ndoo na vikapu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Hatua ya 6: Msimu unaweza kubadili jibu lote

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ni kiangazi, majani yamekauka, wanyama wanasogea kwenye maji. Mto Ruaha Mkuu tangu 1993 umekuwa ukikatika kutiririka wakati wa kiangazi, sababu kubwa ikiwa maji yanayochukuliwa huko juu Usangu kwenye umwagiliaji, ndio ule mpunga wa Mbarali tunaousifia, ukila sahani yako ujue na kiboko alikuwa na hisa humo. Matokeo yake mwezi wa tisa na wa kumi maji yanabaki kwenye madimbwi, na kila kiumbe kinakwenda hapo hapo, tembo, nyati, twiga, tandala, na simba wanawasubiri. Miezi hiyo kulala ndani karibu na mto ni hela iliyotumika vizuri, kuna wakati huna haja hata ya kuwasha gari.

Mvua zikianza mwezi wa 11 au wa 12 mambo yanageuka. Maji yapo kila mahali, wanyama wanatawanyika, nyasi zinapanda, korongo za mchanga zinajaa na barabara za ndani nyingine hazipitiki. Baadhi ya kambi za ndani zinafunga kabisa kwenye masika ya mwezi wa nne. Kipindi hicho nje ni salama zaidi kwa mfuko na kwa gari, unaangalia hali ya siku, mvua ikinyesha usiku kucha unaahirisha bila kupoteza kibali ambacho hujakilipia. Wapenda ndege ndio msimu wao huo, Ruaha ina aina zaidi ya 500, na wageni wahamiaji wanakuwepo. Ila kama mnachotaka mwezi wa pili ni maua na baridi ya kwetu basi Kitulo ni karibu zaidi kwa mtu wa Mbeya, mnalala Matamba.

Mwezi wa sita wenyewe, ambao ndio wa likizo, uko katikati. Nyasi bado zipo kiasi, mto una maji, usiku kuna kaubaridi. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inaangukia kwenye mvua, kwahiyo kama mnaweza kuiba siku za wikiendi mwezi wa tisa, ibeni.

Hatua ya 7: Uchaguzi kwa watu wa aina yenu

Mna gari lenu la juu, watoto wameshavuka miaka sita, mnatokea Iringa na mna usiku mmoja tu? Ndani, mabanda ya Msembe, ingieni mchana kama nilivyoeleza pale kwenye masaa 24. Mna usiku mbili? Wa kwanza nje Tungamalenga mpumzike, wa pili ndani. Usianze na ndani halafu ukamalizia nje, watoto wakishalala na tembo dirishani hiyo gesti wataiona adhabu.

Mnatokea Mbeya, usiku mbili ndio kima cha chini, na mpango ni huo huo wa nje kisha ndani. Kikundi cha vijana wa chuo wenye bajeti ya kubana, hamna gari, nendeni na basi, lala nje, kodi gari siku moja mjae wote. Wazee, mjamzito, mtoto mchanga, nje, tena loji yenye gari lake ili msihangaike. Wapya kwenye ndoa wenye hela yao, nendeni kambi za ndani zenye kila kitu, hata huu mwongozo hauwahusu sana.

Wale wanaosema "tutaamua tukifika", hapana. Mwezi wa sita mpaka wa kumi mabanda yanajaa, na ukikosa ndani unarudi Tungamalenga usiku unakuta nako wikiendi kumejaa.

Hatua ya 8: Bukingi, malipo na siku ya kuingia

Weka nafasi ya ndani wiki kadhaa kabla, na uthibitisho uwe wa maandishi, meseji inatosha, yenye tarehe, idadi ya watu na bei. Malipo ya hifadhi ni kwa control namba au kadi, sio noti mkononi. Usiku wa kuamkia siku ya kuingia hakikisha simu ina salio la kutosha na chaji, na kama unaweza kupata control namba mapema lipia kabisa, maana foleni ya watu wanaotafuta mtandao saa kumi na mbili asubuhi ndiyo inayokula ile asubuhi mliyoamkia. Piga picha risiti, na angalia saa iliyoandikwa kwenye kibali, hiyo ndiyo inayokuongoza kesho yake, sio unavyokumbuka wewe.

Mkiwa ndani msishuke kwenye gari ila sehemu zilizoruhusiwa, msitoke nje ya barabara kufuata mnyama, na dereva akiambiwa na gari lingine kwamba kuna simba sehemu fulani, bado mwendo ni hamsini.

Siku ya kutoka tenga saa nzima ya ziada kati ya mlipolala na geti, maana mtasimama tu, twiga atakuwa barabarani na mtoto atataka picha ya mwisho. Mkipitisha saa 24 mnalipishwa siku nyingine. Na mkiwa mnarudi Iringa na bado kuna jua, Kalenga iko njiani, kama kilometa 15 kabla ya mjini, pale kwenye makumbusho ya Mkwawa kuna fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, watoto wa shule wanalisoma darasani tu. Osha gari mjini kesho yake, lile vumbi likikutana na umande wa Iringa usiku linaganda kama saruji.